Zile Mita 917

Mtu akishuka kutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, cheti mkononi na vumbi la njia ya Mweka likiwa bado kwenye buti, hesabu huanza kujipanga yenyewe kichwani. Kilimanjaro ni mita 5,895. Ama Dablam, ule mlima wa Nepal ambao picha yake haimtoki akilini, ni mita 6,812. Tofauti ni mita 917 tu. Miguu imeshapimwa, mapafu yameshapimwa. Kilichobaki ni nauli ya Kathmandu na ada ya kampuni yenye viongozi wanaoujua mlima. Wao watatangulia, yeye atafuata, kama alivyofuata huku nyumbani.

Hesabu hii nimeisikia Moshi, nimeisikia Nanyuki, na kila mara imetoka kwa watu wenye akili nzuri na mapenzi ya kweli ya mlima. Nami naupenda mlima kiasi kwamba siwezi kuiacha ipite. Msafara wa kuongozwa kwenye mlima kama Ama Dablam haupangwi kwa kujumlisha mita. Anayeupanga hivyo anapanga safari nyingine kabisa, na atalijua hilo akiwa mahali ambapo muda wa kujifunza umeshapita.

Tuwatendee haki kwanza wenye hoja hii, maana hawaizungumzi hewani. Wanasema, na ni kweli, kwamba wengi wanaofika kilele cha Ama Dablam siku hizi si mabingwa wa dunia. Ni madaktari, walimu na wafanyabiashara waliolipia huduma ya kuongozwa. Wanasema pia kwamba kila msimu Washerpa hufunga kamba kutoka maeneo ya Kambi ya Kwanza hadi kileleni, hivyo mgeni hana haja ya kutafuta njia wala kupigilia nanga. Na wanasema Kilimanjaro si mzaha: aliyetembea usiku kucha kutoka kambi ya Barafu, tumbo limekataa chakula na kichwa kinagonga, amejifunza jambo kuhusu nafsi yake ambalo hakuna kitabu kingemfundisha. Yote matatu nayakubali bila kinyongo. Ninachokataa ni kile kinachodhaniwa kufuata baada ya hapo.

Kwanza, urefu hausemi lolote kuhusu namna mlima unavyopandwa. Ushahidi wa hili hatuhitaji kuufuata Nepal. Uko Mlima Kenya. Lenana ina mita 4,985, na hufikiwa kwa miguu na watu wa kila aina, wanafunzi wakiwemo. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, ina mita 5,199. Tofauti yake na Lenana ni mita 214, haifiki hata robo ya zile 917. Lakini hakuna anayetembea hadi Batian. Pale njia ya miguu inakatika, mwamba unasimama wima, na kinachoendelea kupanda ni mikono, kamba na ujuzi wa kuzitumia. Halford Mackinder alipofika huko Septemba 1899 alikuwa na viongozi wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Kwa maneno mengine, hata safari ya kwanza kabisa ya kufika Batian ilikuwa ya kuongozwa. Baada yao ilipita karibu miaka 30 kabla ya mtu mwingine kusimama pale, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, Januari 1929. Kweli, zama hizo waliojaribu walikuwa wachache. Hata hivyo Batian ni fupi kuliko Uhuru kwa karibu mita 700, na mtu aliyefika Uhuru mara 20 hajajifunza, katika mara zote hizo 20, hata hatua moja ya mwamba wa Batian.

Sasa itazame Ama Dablam yenyewe. Jina lake ni la Kisherpa: ama ni mama, na dablam ni kijaluba kitakatifu ambacho wanawake wa Kisherpa huvaa shingoni. Kijaluba hicho mlimani ni bonge la barafu linaloning'inia kifuani, chini ya kilele. Njia inayotumiwa na karibu misafara yote ya kuongozwa ni mgongo wa kusini-magharibi. Kambi ya chini iko kwenye mita zipatazo 4,600, yaani urefu unaokaribiana na kilele cha Mlima Meru. Kambi ya Kwanza iko kama mita 5,700, chini kidogo ya Uhuru. Kwa hiyo angalia vizuri: pale ambapo mpandaji wa Kilimanjaro anakaribia kumaliza, hapo ndipo Ama Dablam inaanza. Kutoka hapo mgongo unakuwa mwembamba, kuna bonde kushoto na bonde kulia, kisha unafika Mnara wa Manjano, ukuta wa mwamba ulio wima kabisa. Juu yake ndipo ilipo Kambi ya Pili, karibu mita 6,000, hema chache zimebanwa juu ya mawe kama viota. Halafu Mnara wa Kijivu, wenye mawe yasiyoshikana, kisha ukingo wa theluji iliyovimba kama uyoga, kisha mteremko wa barafu ngumu unaopita kando ya ile dablam hadi juu. Mita 917 zimo humo ndani, lakini hakuna hata moja inayofanana na zile za Kilimanjaro, za kutoka kambi ya Barafu kwenda Stella Point.

Pili, kamba iliyofungwa haikupandishi. Kazi yake ni kukuzuia usianguke, na hata hiyo inaifanya ikiwa tu wewe umefanya yako. Unapanda ukiwa na jumari, kidude chenye meno kinachokubali kusukumwa juu na kukataa kurudi chini. Pembeni yake unakuwa na kamba fupi ya usalama yenye karabina, pete ya chuma ya kufungia. Kila unapofika penye nanga, unaondoa karabina, unaihamishia kamba ya mbele, unahakikisha imejifunga, ndipo unapoondoa jumari na kuivusha nayo. Kamwe haviondolewi vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukiwa uani kwako kazi hii ni nyepesi kama kufunga vifungo vya shati. Ukiwa mita 6,300, saa kumi usiku, glavu nene mikononi, ubongo unapata chini ya nusu ya hewa uliyoizoea Dar es Salaam au Mombasa, unairudia kila penye nanga, na nanga ni nyingi mno. Mara nyingine kando ya kamba mpya kuna za misimu iliyopita, zimefifia kwa jua na kuchubuliwa na mawe, na ni wewe, kwa taa ya kichwani, unayepaswa kushika iliyo sahihi.

Na mpanda ngazi hushuka. Watu hufikiria kilele kama mwisho wa kazi, ilhali Ama Dablam yote huteremkwa kwa kamba hizo hizo, mtu akiwa amechoka zaidi kuliko alivyopanda. Kuteremka kwa kamba ndiko kunakotaka utulivu kuliko vyote: kifaa kimoja kikiingizwa kinyume, nanga moja ikipitwa bila karabina ya usalama, hakuna wa kukudaka. Kiongozi anaweza kukukagua kila penye nanga, naye akiwa makini atakukagua. Lakini mwanadamu anayehitaji kukaguliwa kila penye nanga anakwenda polepole sana, na huko juu mwendo huo ni hatari ya pekee. Nitafafanua.

Usiku wa kuamkia 14 Novemba 2006, sehemu ya ile barafu inayoning'inia ilikatika na kuzoa mahema ya Kambi ya Tatu, iliyokuwa chini yake. Watu sita walikufa: wageni watatu na Washerpa watatu. Hakuna ustadi wa kamba ambao ungewaokoa. Tangu hapo misafara mingi imeacha kulala Kambi ya Tatu; watu huondoka Kambi ya Pili usiku, wanafika kileleni na kurudi Kambi ya Pili siku hiyo hiyo. Ni uamuzi mzuri, nami ningeuchagua. Lakini una gharama yake. Siku ya kilele imekuwa ndefu mno, zaidi ya mita 800 za kupanda kwa mikono na miguu na kiasi hicho hicho cha kuteremka, na anayeiweza ni yule ambaye kuhamisha karabina hakumchukui muda wala akili. Mzembe wa kamba, hata awe na miguu ya chuma, atakutwa na jioni akiwa Mnara wa Kijivu, na nyuma yake watakuwa wamepanga foleni watu ambao usalama wao nao ulitegemea kasi yake. Hapo ndipo utaona kwamba ujuzi wa mteja si mapambo kwenye mpango wa msafara. Mpango mzima umesimama juu yake.

Tatu, na hapa naomba tukae kidogo: mwili uliopita Kilimanjaro haujathibitishwa kama tunavyodhani. Watu wanaoshughulika na tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku hadi usiku usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Linganisha na njia ya Marangu bila siku ya ziada: Mandara kama mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita elfu moja kila usiku! Wengi wanafika juu, naam, lakini wanafika kwa sababu hawakai. Saa moja Uhuru ni nyingi. Jioni ile ile uko Horombo unakula supu, na ugonjwa wa mwinuko uliokuwa ukikunyemelea umeachwa huko juu. Kilimanjaro hukubali kukopesha kwa sababu deni hulipwa kwa kushuka haraka.

Ama Dablam haina mkopo huo. Kambi ya Pili iko juu ya Uhuru, na huko unalala. Unalala, unachemsha theluji upate maji, unavaa mkanda wa kupandia ndani ya hema, kisha ndipo unapanda. Kama maji yataanza kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, huwezi kukimbia kushuka. Chini yako kuna Mnara wa Manjano.

Historia ya mlima huu inalisema jambo hili wazi kuliko mimi. Watu wanne wa kwanza kusimama juu yake, 13 Machi 1961, walikuwa Mike Gill na Wally Romanes wa New Zealand, Michael Ward wa Uingereza na Barry Bishop wa Marekani. Hawakuwa wametoka uwanja wa ndege juzi. Walikuwa sehemu ya msafara wa Edmund Hillary wa 1960 hadi 1961, ambao chini ya mwanasayansi Griffith Pugh ulijenga kibanda cha rangi ya fedha kwenye mita 5,800 ili kuchunguza mwili wa binadamu unavyoishi pasipo na hewa ya kutosha. Msafara ule ulikaa majira yote ya baridi kwenye kimo kinachokaribiana na cha Uhuru, kando ya mlima huo huo. Miezi! Walipoanza kupanda, miili yao ilikuwa imeshakuwa ya huko. (Walipanda bila idhini kamili ya serikali ya Nepal, na Hillary akalazimika kwenda Kathmandu kusuluhisha, hilo nalo ni somo kwa wanaodhani kibali ni karatasi ya mwisho kushughulikiwa.)

Sisi hatuna miezi, lakini tunaweza kuwa na wiki nne, na mpango mzuri ni ule unaozitumia kwa akili. Siku mbili tatu Kathmandu kwa vibali na ukaguzi wa vifaa. Ndege ya kwenda Lukla, ambayo ukungu unaweza kuizuia siku nzima au zaidi, na ambayo msimu wa watalii mara nyingi huondokea Manthali, saa kadhaa kwa gari kutoka Kathmandu. Namche, mita 3,440, usiku usiopungua miwili. Kisha taratibu hadi juu ya mita 4,000, na kabla ya kuigusa Ama Dablam, mlima mdogo wa jirani kama Lobuche Mashariki, mita 6,119, ambao una kamba zilizofungwa na barafu ya kweli, ili mwili ulale juu na mikono ijikumbushe kazi. Baada ya hapo kambi ya chini, kupanda hadi Kambi ya Kwanza au ya Pili, kurudi chini kupumzika, na kusubiri upepo utulie. Ndani ya kusubiri huko ziwemo siku za akiba, nne au tano, ambazo pengine hazitatumika.

Siku hizo za akiba ndizo zinazokatwa kwanza mtu anapotafuta bei nafuu. Kwenye karatasi zinaonekana kama kulipia uvivu: chakula, mahema, mishahara, na hakuna anayepanda. Lakini msafara usio na siku za akiba umeshaamua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba utapanda siku fulani, upepo ukiwepo usiwepo. Kiongozi bora duniani ukimpa kalenda ya namna hiyo umemfunga mikono. Mimi ningekubali chakula duni na hema kuukuu kabla ya kukubali kupunguziwa siku hizo.

Nne, huyo kiongozi. Hapa ndipo dhana ya kawaida ilipojikita zaidi, na inaeleweka kwa nini. Kilimanjaro kiongozi hutembea ubavuni mwako, na ukizidiwa, kuna vijana wenye machela ya magurudumu watakaokushusha hadi getini. Tumeona wagonjwa wakishushwa hivyo wakapona. Kwenye mgongo wa Ama Dablam hakuna machela inayopita. Kuna mahali upana wa njia ni upana wa buti mbili. Kiongozi anaweza kusoma anga, kukupangia mwendo, kukagua mafundo yako, kukuambia geuka. Hawezi kukuazima mikono. Pale Mnara wa Manjano naye ana miwili tu, na yote ina kazi.

Wapo watakaosema kuna helikopta. Ipo, na imeokoa wengi. Lakini Novemba 2010, helikopta iliyokuwa imekwisha kumtoa mpandaji mmoja kwenye Ama Dablam ilianguka ilipokuwa ikirudi kumchukua mwenzake, na wote wawili waliokuwa ndani yake wakafa. Kila anayeweka helikopta kwenye mpango wake kama njia ya kurudia nyumbani anaweka rehani maisha ya watu wengine. Bima ya uokoaji kata, na hakikisha inafika urefu huo, kwa sababu bima nyingi za kawaida za wasafiri huishia chini yake. Ila ikae kwenye begi kama kitu unachotumaini hutakifungua.

Kinachonunuliwa kwa kiongozi, basi, ni busara yake, na hasa busara ya kukurudisha. Kwa hiyo maswali ya kuiuliza kampuni hayahusu godoro wala keki ya kambi ya chini. Nani mwenye neno la mwisho la kugeuka, na je, mkataba unasema hivyo? Kiongozi mmoja ana wateja wangapi siku ya kilele? Mnalala Kambi ya Tatu? Washerpa wanaobeba na kufunga kamba wana bima ya kiasi gani, na wakiumia familia zao zinapata nini? Swali hili la mwisho sisi tunaotoka nchi za wapagazi hatuna udhuru wa kulisahau. Na msikilize pia kile ambacho kampuni inakuuliza wewe. Inayokupokea bila kutaka kujua umewahi kuteremka kwa kamba wapi na mara ngapi imeshakuonyesha jinsi inavyoupima mlima.

Najua pingamizi litakalofuata. Je, nawaambia watu wetu Himalaya si yao? Hasha. James Kagambi wa Kenya alifika kilele cha Everest Mei 2022, akiwa na zaidi ya miaka 60, na nyuma yake kulikuwa na miongo ya kufundisha watu kazi ya milimani, Denali na Aconcagua zikiwemo katika aliyoyapitia. Hakujumlisha mita. Alijumlisha ujuzi, na mwingi wa ujuzi huo unaweza kuanzia hapa hapa kwetu kwa gharama isiyofikia tiketi ya ndege ya kwenda Asia.

Kama una nia ya Oktoba ya mwakani, basi kalenda yako ianze Januari ijayo. Mwezi huo upande wa kusini-mashariki wa Nelion, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,188, huwa mkavu. Lala Kibanda cha Waaustria, tafuta kiongozi mwenye kamba, panda mwamba siku nzima na uteremke kwa kamba hadi giza. Barafu ya Mlima Kenya imepungua mno, kwa hiyo kwa kutembea na meno ya chuma chini ya buti nenda Rwenzori, kwenye Margherita, mita 5,109, kabla barafu yake nayo haijakwisha. Kilimanjaro ibaki pale pale kwenye orodha, kwa kazi inayoiweza: kukuonyesha kichwa na tumbo lako vinafanya nini hewa ikipungua.

Katikati ya safari hizo kuna mwembe uani. Funga kamba kuanzia shinani hadi tawi la juu, weka nanga tatu, vaa mkanda, glavu nene na taa ya kichwani, subiri saa tatu usiku. Karabina mbele, jumari baadaye. Panda, teremka, panda tena, mpaka mtu wa nyumbani akija kukuuliza jambo, umjibu bila mikono kusimama.